Massey Ferguson 135, kutoka kwa mtu aliyekulia juu yake

Sitajifanya sina upande. Trekta la kwetu, Massey Ferguson 135, lilitoka kiwandani mwaka 1969. Baba alilinunua likiwa limeshatumiwa na mtu mwingine, mimi nikiwa bado sijajua kusoma, na msimu uliopita limelima tena shamba lile lile. Usukani wake niliushika kabla sijajua baiskeli. Nimelibadilisha matairi, nimeifungua injini yake, nimelala chini ya tumbo lake nikitafuta oili inapodondokea. Kwa hiyo anayetaka maoni ya mtu aliyeliazima wiki moja, atayapata kwingine. Mimi nasema ninachokijua kwa mikono.

Nianze na umbo, maana ndilo linalopendwa kwanza. Si trekta kubwa. Halifiki tani 2, na mtu wa kimo cha kawaida akisimama kando yake anaona ng'ambo ya boneti bila kunyanyua visigino. Boneti nyekundu, injini na gia boksi za kijivu, ringi za rangi ya fedha, na mbele ile nembo ya pembetatu tatu. Wekundu wa la kwetu umefifia mpaka umekuwa kama tofali la kuchoma, isipokuwa upande wa ndani wa boneti ambako jua halifiki. Ukiifunua unaikuta rangi ya kiwandani imetulia pale kama ilivyopakwa. Huwa naitazama kila ninapokagua maji ya radieta.

Ukilikalia, gia boksi iko katikati ya miguu yako, mguu mmoja huku na mwingine huku, kama uliyempanda farasi. Asubuhi ya baridi joto la gia boksi hupanda mpaka mapajani. Mchana wa jua kali joto hilo hilo hukukosesha raha, lakini mimi nalikumbuka zaidi lile la asubuhi.

Hata hivyo uzuri wa 135 hauko kwenye rangi wala kwenye kiti. Uko nyuma, pale plau inaposhikana na trekta.

Zamani plau ilikokotwa tu nyuma ya trekta, kama ilivyokokotwa nyuma ya ng'ombe. Ikinasa kwenye kisiki au jiwe, magurudumu yaliendelea kusukuma, trekta likainua pua, na mara nyingine likampindukia dereva. Harry Ferguson, mtu wa County Down huko Ireland aliyezaliwa mwaka 1884, ndiye aliyelitafutia dawa jambo hilo. Aliishika plau kwa mikono mitatu ya chuma, miwili ya chini na mmoja wa juu, kisha akaiweka chini ya amri ya haidroliki. Plau na trekta vikawa mwili mmoja. Mwaka 1939 mfumo wake uliingia kwenye trekta la Ford 9N, baada ya yeye na Henry Ford kukubaliana kwa kupeana mikono tu. Baadaye makubaliano hayo yalivunjika na kufika mahakamani, lakini Ferguson alikuwa ameshapata trekta lake, TE20, lililoanza kutengenezwa mwaka 1946 Banner Lane, mjini Coventry, Uingereza. Yalitoka zaidi ya 500,000. Mwaka 1953 kampuni yake iliungana na Massey-Harris ya Kanada, na mwishoni mwa 1964, miaka minne baada ya yeye kufariki, likatokea 135. Injini ni nyingine na sura ni nyingine, lakini ile mikono mitatu ni ile ile.

Baba hakunisimulia habari hizo. Nilizisoma mwenyewe ukubwani. Yeye alinionyesha springi.

Nyuma ya kiti, pale mkono wa juu unapoingia kwenye mwili wa trekta, kuna springi nene fupi. Siku moja baba alimpandisha kaka yangu kwenye usukani, akamwambia aende taratibu kwa gia ya chini, na mimi akaniambia nitembee pembeni, mbali na gurudumu, macho yangu yasitoke kwenye mkono wa juu. Mwanzoni sikuona kitu. Kisha tukafika katikati ya shamba, ambako kuna mkanda wa udongo mfinyanzi upana wa hatua kama ishirini hivi, mzito, unaong'aa ukikatwa. Plau ilipoingia mle, mkono wa juu ukasukumwa mbele. Kidogo sana, labda unene wa kidole. Springi ikabonyea. Mara ile mikono ya chini ikaipandisha plau, kidogo vilevile, na sauti ya injini iliyokuwa imeanza kushuka ikasimama pale pale. Tukatoka kwenye mfinyanzi, springi ikajirudisha, plau ikashuka tena kwenye kina chake. Kaka alikuwa anatazama mbele tu. Hakugusa chochote.

Baba akaniuliza, "Umeliona?"

Nilikuwa nimeliona. Udongo mgumu ukiisukuma plau, nguvu ile hupita kwenye mkono wa juu, hubonyeza springi, springi hufungua vali ya haidroliki, na haidroliki hunyanyua. Plau inaponyanyuliwa hivyo, sehemu ya uzito wake na wa udongo uliobebwa huhamia kwenye magurudumu ya nyuma, nayo yakang'ata ardhi zaidi wakati ule ule yanapohitaji kung'ata. Ndiyo maana trekta dogo namna hii linaweza kuvuta plau ya majembe mawili mahali ambapo ungetegemea litelezeteleze tu kwa wepesi wake. Sijapata kuona kitu cha chuma chenye akili iliyo wazi kuliko hiyo. Hakuna kompyuta, hakuna waya. Ni springi na oili, na unaweza kuviona vikifanya kazi.

Kulijua jambo hilo kwa macho hakukunifanya nijue kulima. Mkono wa kulia wa dereva kuna vishikio viwili vya haidroliki. Kimoja huamua plau ivumilie ugumu kiasi gani kabla ya kunyanyuliwa, na kingine hukaza kifaa kwenye urefu mmoja, kwa mfano unapotumia mashine ya kufyeka majani au unapobeba plau barabarani. Msimu wangu wa kwanza nilivishika hivyo vishikio kila baada ya hatua tatu. Nikisikia injini inalia, nanyanyua. Nikiona jembe limepanda, nashusha. Mifuo yangu ikatoka na mawimbi, juu chini, juu chini, na haro, chombo cha kuvunja mabonge, ilipopita baadaye ilirukaruka shamba zima.

Baba alikuja kutazama. Hakuniambia nimekosea. Alirekebisha kishikio mara moja, akavua kofia yake, akavifunika vyote viwili.

"Lima sasa, mwanangu. Kofia hiyo usiitoe mpaka ufike mwisho."

Nikalima kuelekea kwenye mfinyanzi, mkono wangu ukiwa unauma kwa hamu ya kuingia chini ya kofia. Injini ikashuka sauti. Nikasubiri. Ikapanda yenyewe. Nilipogeuka mwisho wa shamba na kutazama nyuma, mfuo ulikuwa na kina kimoja kutoka mwanzo mpaka mwisho, na ule mkanda wa mfinyanzi ulijulikana kwa kung'aa tu. Mpaka leo sijawahi kuufurahia mstari kama ule.

Klachi nayo ilikuwa somo la peke yake. La kwetu lina klachi ya hatua mbili: ukiikanyaga nusu, trekta linasimama lakini shafti ya PTO, ile inayozungusha mashine zilizofungwa nyuma, inaendelea kuzunguka na haidroliki inaendelea kunyanyua, ukiikanyaga mpaka chini, vyote vinasimama. Kwa mtu mzima ni jambo la siku mbili. Kwa binti mwenye miguu mifupi ilikuwa vita, kwa sababu ile nusu ya pili ni nzito na nilikuwa nalazimika kujivuta kwa usukani ili niisukume. Lile kanyagio limelika upande mmoja, mshazari, kwa sababu mguu wa kushoto wa baba unaelekea nje kidogo anapokaa. Miaka yake yote ya kulima imechongwa pale. Mguu wangu haukai vizuri kwenye mchongo huo, huwa unateleza kuja ndani, na nimezoea kuupanga kwa kisigino. Fundi mmoja aliwahi kutaka kulijaza kwa kulichomelea. Nilimkatalia. Nilinunua kanyagio jipya nikaliweka kabatini na spana, na bado limo kwenye nailoni yake.

Sasa injini. Ni Perkins ya dizeli yenye silinda 3, lita 2.5, nguvu farasi 45 hivi. Gia za la kwetu ni 6 za mbele na 2 za nyuma. Waliowahi kukaa karibu na injini hii wanaijua bila kuiona, kwa ule mlio wa vitatu vitatu ambao hauchanganyiki na wa silinda 4. Ikiwa haina mzigo huguna. Ikipata mzigo hukaza sauti, ikawa kama mtu anayeimba amefunga mdomo. Nilipokuwa mdogo nilikuwa najua kutoka ndani ya nyumba kama baba anarudi na tela tupu au lenye mzigo, na kama amefika penye mteremko au bado.

Nimeipenda zaidi kwa sababu inakubali kutengenezwa na mtu wa kawaida. Mara yangu ya kwanza kuitengeneza ilikuwa ni kwa kosa langu mwenyewe. Jioni, mfuo mmoja umebaki, geji ya dizeli imelala chini, nami nikasema nitamaliza kwanza. Injini ikazimika katikati ya shamba. Nilirudi na galoni ya dizeli nikijua tatizo limekwisha, nikajaza, nikapiga staata mpaka betri ikaanza kulegea. Kimya. Injini ya dizeli ikishavuta hewa, kujaza tangi peke yake hakusaidii.

Baba alikuja na tochi na spana mbili. Hakuzitumia. Alinishikisha mimi, yeye akashika tochi. Nililegeza skrubu ya kutolea hewa juu ya filta, kisha kwa kidole nikawa napampu kile kikono kidogo cha pampu ya kuvutia dizeli. Mapovu yakatoka. Nikaendelea mpaka dizeli ikatoka tupu, haina povu, nikakaza. Nikahamia kwenye pampu kubwa ya sindano, nikafanya vilevile. Mwisho nikalegeza naati za mabomba yanayoingia kwenye nozeli zinazorushia dizeli ndani ya silinda, baba akapiga staata, dizeli ikaruka kwenye bomba la kwanza, nikakaza, la pili, nikakaza, na kabla sijamaliza la tatu injini ilikuwa imeshashika kwa silinda mbili, inatikisika yote. Nilipoikaza ile ya tatu ikatulia. Nilikuwa nimejaa dizeli mpaka viwikoni, na nikiifikiria siku hiyo naweza bado kuisikia harufu yake.

Kosa langu kubwa zaidi lilikuwa la vumbi, na hili nalisema kwa uchungu kwa sababu anayenunua trekta la aina hii leo anaweza kulirudia. Hewa ya injini hii husafishwa kwa bakuli la oili. Hewa hupita humo, vumbi hubaki kwenye oili, na oili ile hugeuka tope. Bakuli lazima lifunguliwe, lioshwe, liwekwe oili mpya, na penye vumbi jingi si jambo la kungoja wiki. Kiangazi kimoja tulivuta tela kila siku kwenye njia kavu, na bakuli lilikuwa kazi yangu. Nililiacha. Sikuliacha siku moja, nililiacha karibu kiangazi kizima. Vumbi likaingia, likasaga ringi za pistoni na silinda. Trekta likaanza kuwaka kwa shida, likatoa moshi wa buluu, likala oili. Baba alipolifungua lile bakuli na kuona tope limefika juu, alilifunga tena taratibu na hakusema neno. Afadhali angenigombeza.

Tuliifungua injini yote. Msaada wa injini hii ni kwamba silinda zake zina bomba la ndani linaloweza kutolewa na kuwekwa jipya, kwa hiyo bloku haikutupwa. Tuliweka mabomba, pistoni, ringi na beringi mpya. Muuzaji mmoja wa vipuri alituuzia gasketi ya kichwa iliyofanana na ya kweli kwa kila kitu isipokuwa uzito. Ilipasuka ndani ya wiki mbili na tukaifungua injini mara ya pili. Tangu hapo nikinunua gasketi naipima mkononi kando ya ile ya zamani. Na bakuli la oili nalifungua mwenyewe, kila jioni ya siku ya vumbi, hata nikiwa nimechoka namna gani.

Mapungufu yake yapo, na anayelipenda trekta hili anapaswa kuyasema yote.

Gia zake haziingii likiwa linatembea kama za gari. Unasimama, unachagua, unaondoka. Kwenye matoleo yenye Multi-Power, ile gia inayobadilishwa bila klachi na kuyafanya yawe na gia 12 za mbele, lazima dereva ajue kwamba ikiwa kwenye upande wa chini injini haizuii trekta kwenye mteremko. Linashuka kama liko nyutro. Mwenye tela zito nyuma aweke upande wa juu kabla ya kuanza kushuka, akiwa ameshachagua gia ndogo, asingoje katikati. Usukani usio na msaada wa haidroliki ni mzito, hasa ukibeba kitu mbele. Breki ni za ngoma, makanyagio mawili upande wa kulia, moja kwa kila gurudumu la nyuma, na kuna kifungo cha kuyaunganisha. Shambani kuyatenganisha ni raha, unakanyaga upande mmoja na trekta linageuka karibu papo hapo. Barabarani yasipounganishwa ni hatari tupu. Na sili za ekseli zikichoka, oili huingia kwenye breki; ukiona ringi ya nyuma imelowa kwa ndani, usiende popote kwanza.

Kubwa kuliko yote: lilizaliwa halina kinga yoyote juu ya dereva. Uingereza yenyewe ilianza kulazimisha matrekta mapya yawe na fremu au kabini ya usalama mwaka 1970, na mengi ya 135 yalikuwa yameshauzwa kabla ya hapo. La kwetu lilifanya kazi miaka mingi likiwa wazi. Mimi nimepanda kwenye madigadi yake nikiwa mtoto, nimeshikilia taa, trekta likiwa mwendo, na zile ni baadhi ya kumbukumbu zangu tamu kabisa. Simruhusu mtoto yeyote afanye hivyo leo. Trekta likianguka ubavu, dereva hana muda hata wa kuita. Tulilifungia fremu imara iliyopimwa kwa ajili ya aina hii, pamoja na mkanda wa kiti, na nafunga mkanda huo hata kwa safari ya kutoka bandani hadi kisimani. Shafti ya PTO nayo haizunguki bila kifuniko chake. Haya si ya kujadiliana nami.

Kelele nazo ni za kweli. Bomba la moshi liko mbele yako, hakuna kioo, hakuna kabini. Vaa vizibo vya masikio.

Msimu mmoja, la kwetu likiwa limefunguliwa, nilikodi trekta kubwa la kisasa lenye kabini. Lilikuwa zuri, sitalisema vibaya. Baridi ndani, kiti kinachoelea, vitufe kila upande. Lilimaliza shamba kwa muda ambao 135 lingekuwa bado robo. Lakini kwenye mkanda wa mfinyanzi sikujua kama tumeuingia. Niliona kwenye skrini namba imebadilika, kisha ikarudi. Nililima shamba la nyumbani siku nzima na jioni sikuweza kumwambia baba udongo ulikuwaje. Kwa mwenye mashamba makubwa hiyo si hasara. Kwangu ilikuwa, maana 135 linakuambia kila kitu: unajua kwa makalio kwamba gurudumu la kulia limeanza kuteleza, unajua kwa sauti kwamba unyevu umepungua upande ule wa miti, unasikia jembe likikwaruza jiwe kabla hujaliona.

Kwa anayetaka kununua, haya ndiyo ninayoyaangalia mimi mtu akiniita nimsaidie kukagua. Nataka injini iwe baridi nikifika. Muuzaji akiwa ameshaipasha moto, kuna anachokificha. Natazama moshi wa kuwaka na moshi wa baada ya dakika kumi. Nachomoa kijiti cha oili ya gia boksi, ambayo ndiyo hiyo hiyo ya haidroliki, na ikiwa nyeupe kama maziwa najua kuna maji ndani. Nanyanyua kifaa kizito, nazima injini, nasubiri nione kinashuka kwa kasi gani. Natikisa magurudumu ya mbele kwa mikono. Nakanyaga klachi nusu, kisha yote, nisikie kama hatua mbili zipo kweli. Rangi mpya siitazami kabisa, na ikiwa mpya mno ndipo ninapolala chini kutazama nyufa.

Vipuri si tatizo, na hilo ndilo linaloliweka hai. Ukoo wake ni mkubwa: baada yake zilikuja 235 na 240, na viwanda vya nchi nyingine vilitengeneza ndugu zake kwa leseni, IMT huko Yugoslavia, TAFE huko India, Millat huko Pakistani. Vingi vinaingiliana, ingawa si vyote. Nenda na kile cha zamani mkononi ukalinganishe.

Ukiniuliza kama ningenunua tena, ndiyo, kesho asubuhi, kwa shamba dogo na kwa mtu aliye tayari kuchafua mikono. Mwenye haraka au anayelima eneo kubwa atafute kubwa zaidi.

Baba ameshazeeka na masikio yake yamechoka. Halimi tena. Mwezi uliopita niliwasha trekta uani, likawa linaguna vizuri tu kwa jinsi nilivyosikia mimi, nikawa nafunga plau. Alitoka ndani na fimbo yake, akalisogelea, akaweka kiganja juu ya boneti. Alikaa hivyo muda mrefu, kichwa ameinamisha.

"Ya pili inalegea," akasema.

Nilimwambia mbona sauti iko sawa. Hakunisikia, au hakutaka kunisikia. Nikachukua spana, nikalegeza naati ya bomba la nozeli ya kwanza, silinda hiyo ikose dizeli. Injini ikayumba, nikakaza. Nikalegeza ya tatu, ikayumba, nikakaza. Nikalegeza ya pili. Dizeli ikanichuruzikia vidoleni, na mlio wa injini haukubadilika hata kidogo.